Mpanzi wa Mananasi

Hadi nilipofika darasa la pili niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mananasi yote ya kisiwa cha Idjwi yalikuwa watoto ambao mama zao hawakuja kuwachukua garderie, nyumba ya kulelea watoto mchana. Msicheke. Ushahidi ulikuwepo, na mimi hadi leo ni mtu wa ushahidi. Nanasi lina nywele zilizosimama kama za mtoto ambaye asubuhi hakuna aliyepata nafasi ya kumchana. Lina macho mwili mzima, na macho mengi kiasi kile ni ya nini kama si ya kuangalia njia? Tena ukilikata, linatoa machozi bakuli zima.

Elimu hiyo nilipewa na Ashuza, aliyekuwa na miaka mitano na mapengo mawili mbele, na kwa sisi wa miaka minne hakukuwa na profesa zaidi yake katika Kivu nzima. Alitufundisha nyuma ya choo, kwa sauti ya chini. Kengele ya kanisa ya saa kumi na mbili ikilia na wewe bado uko garderie, alisema, basi umekwisha. Anapanda kutoka ziwani mtu mwenye mabuti ya matope na gunia begani, anaitwa Mpanzi. Anajua majina ya watoto wote. Anakutia ndani ya gunia, anakuvusha kwa boti hadi Idjwi, anakupanda hadi shingoni. Msimu mmoja wa mvua ukipita, kichwa chako kinavunwa na kurudishwa Bukavu kuuzwa.

Na sasa sikilizeni balaa langu. Mama yangu alikuwa muuza mananasi.

Mara mbili kwa wiki, kabla jua halijafika juu ya vilima, alinishusha mteremko wa Muhumba, akanigongea mlango wa bati wa Maman Vumilia, akaendelea peke yake hadi majini kupanda boti ya Idjwi. Alirudi jioni na vikapu. Harufu ya mananasi ilimtangulia njiani. Niliinusa akiwa bado umbali wa nyumba kumi, na sikujua kama nifurahi au nikimbie. Usiku nililala kifuani mwake nikinusa harufu ile, nikijiuliza amewachukua watoto wa nani leo. Siku za matumaini nilijiambia kwamba labda anawatafuta waliosahaulika ili awarudishe makwao. Sikumuuliza kamwe. Mtoto anaogopa jibu kuliko jambo lenyewe.

Nyinyi mliolelewa mji huu miaka ile mtakumbuka jinsi wazazi walivyoogopa kupoteza mtoto. Maman Vumilia aliogopa kwa niaba ya wote. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu kama nguzo ya umeme, na macho yake yangeweza kuona mtoto anayepanga kupanda ukuta kesho kutwa. Mbabula, jiko lake la makaa, aliizungushia uzio wa miti kana kwamba ndani yake kuna simba. Chini kwenye mteremko, pale ardhi ilipokuwa inamomonyoka, alikuwa amepanga magunia ya mchanga, na hatukuruhusiwa kuyakaribia hata kwa kivuli. Na kila baada ya muda alituhesabu kwa Kifaransa, akigusa kila kichwa kwa vidole viwili vyenye harufu ya sabuni na moshi: un, deux, trois, mpaka dix-huit. Hesabu ikigoma kufika dix-huit, garderie yote ilisimama, uji ukaungua, mpaka wa kumi na nane apatikane amelala ndani ya beseni.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya kitambaa. Siku ya kwanza kila mama alikuja na kipande cha kitenge chake mwenyewe. Maman Vumilia alikishika mbele ya mtoto, akakipasua katikati, chraa, nusu moja akaishona kwenye blauzi ya mtoto, nusu nyingine akampa mama. Jioni anayekuja kukuchukua alipaswa kuonyesha nusu yake, na Maman Vumilia alizilinganisha ukingo kwa ukingo, ua kwa ua, hata kama ni mama aliyekuzaa na jana tu walikaa pamoja misa. Shangazi, kaka mkubwa, jirani, wote walikuja na kitambaa au walirudi mikono mitupu. Siku moja dada yake mwenyewe, aliyekuwa amesahau kitambaa nyumbani, alipanda kilima chote na kushuka tena, akinung'unika mpaka ng'ambo ya Rwanda wakasikia.

Kitenge cha mama kilikuwa na majogoo mekundu. Mpasuko ulipita katikati ya jogoo mmoja. Mimi nilibaki na mkia, mama akaenda na kichwa, kifua na miguu. Mchana kutwa nilikuwa naushika mkia ule. Wenzangu walinyonya vidole, mimi nilinyonya mkia wa jogoo, ukawa mweusi kama soksi ya fundi gari.

Kuanzia saa tisa mlango wa bati ulianza kugongwa. Ulikuwa na tundu dogo la kuchungulia, lililofunikwa kwa kifuniko cha kopo kilichoning'inia kwenye msumari. Kifuniko kilisogea, nusu ya kitambaa ikapitishwa, mnyororo ukafunguka, na mtoto mmoja akatoka mbio. Kisha hesabu ilianza upya. Quinze. Onze. Six. Ashuza alichukuliwa mapema kila siku, akitoka ananipungia mkono kwa huruma kubwa, kama mtu anayeaga maiti. Trois. Deux. Na mwisho, karibu kila jioni ya boti, tulibaki mimi na yeye katika uwanja uliofagiliwa, vikombe vya plastiki vimepinduliwa juu ya meza. Aliendelea kuhesabu. Kila alipopita na kuni au na maji aliweka vidole viwili juu ya kichwa changu na kusema: un.

Nani anahesabu kitu kimoja? Nilifikiri ananitunzia hesabu ya Mpanzi, asije akapunjwa. Sasa ninapoiandika naona vizuri jinsi alivyokuwa amechoka, na jinsi ambavyo angeweza kuacha kuhesabu bila mtu yeyote kumlaumu. Wakati ule niliona vidole tu. Nilikaa juu ya jiwe mkabala na mlango, nikiangalia kifuniko cha kopo, na nawaambieni, nimefanya mtihani wa serikali nikiwa na ndevu, kwenye shule ya usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, lakini sijawahi kukodolea kitu macho kama nilivyokikodolea kifuniko kile. Kifuniko kisiposogea, dunia nzima inakuwa kimya. Ukiwa na miaka minne huna neno la kuuita ukimya ule. Unajua tu kwamba kila mtu ana mtu, na kwamba mtu wako leo huenda hayupo.

Siku ninayoisema, upepo ulianza mchana. Ziwa, ambalo kutoka uwanja wa Maman Vumilia lilionekana kama sahani ya bluu, likawa jeusi na kukunjamana. Mama mmoja aliyekuja kuchukua mtoto alisema boti za Idjwi zimezuiwa, hakuna inayovuka leo. Alilisema juu ya kichwa changu, kama watu wazima wanavyofanya, wakidhani masikio ya mtoto yako miguuni. Deux. Kisha un. Kisha, kupitia upepo, kengele ya kanisa.

Sikulia. Niliingia chini ya meza ya vikombe nikaushika mkia wangu.

Haikupita hata dakika, ingawa mimi nilihesabu miaka kumi na miwili, mlango ukagongwa. Si kugonga kwa mama, ambako kulikuwa kwa haraka na mara mbili. Huku kulikuwa kugonga kwa mtu asiyejua kama amefika penyewe. Matone makubwa yalikuwa yameanza juu ya mabati, na kutoka chini ya meza nilisikia sauti ya mwanamume tu, si maneno. Sauti nzito, ya chini, ya kuomba. Maman Vumilia alimjibu kwa maneno machache. Sauti ikaendelea. Niliona mkono wa Maman Vumilia umeshika mnyororo, na mkono ule ulikaa pale muda mrefu mno.

Kisha aliniita. Sikutoka, akaja akanitoa, akaninyanyua mpaka jicho langu likawa sawa na tundu.

Alikuwa yeye. Niliona ndevu, na nyusi zilizojaa vumbi jekundu, na gunia begani. Nilisukuma shingo nikaona na mabuti: meusi, matope hadi magotini. Aliponiona, uso wake ulifanya kitu ambacho sikukielewa. Ulikunjamana wote kama ziwa lile. Akasema jina langu, "Murhula," taratibu, kama mtu anayejaribu kama linatamkika. Anajua majina ya watoto wote. Akapitisha kidole kimoja kwenye tundu. Nilirudisha kichwa nyuma nikakigonga kwenye kidevu cha Maman Vumilia.

"Murhula," Maman Vumilia aliniuliza sikioni, "ule mutu unamujua?"

"Hapana."

"Angalia muzuri. Unamujua?"

"Hapana," nilisema, kwa sauti ambayo nadhani hata Idjwi iliwafikia wale waliopandwa.

Alinishusha. Nilirudi chini ya meza. Mvua sasa ilikuwa inamwagika, nikasikia vipande tu: lori, asubuhi, halitangoja. Yule mtu akaomba aingie akae uwanjani tu, mbele ya macho ya Maman Vumilia. Neno la mwisho la Maman Vumilia lilikuwa la sauti ya juu, nikalisikia lote: "Leta mutu ninayemujua, ao leta kitambaa."  Miguu ya yule mtu ilionekana chini ya mlango, pale bati lisipofika ardhini. Mabuti mawili, hayaendi wala hayaji. Maji yalikuwa yanayapita pembeni na kushuka kilima. Kisha yakageuka.

Niliupitisha usiku ule kwenye kitanda cha Maman Vumilia, katikati ya watoto wake wawili. Kabla ya taa kuzimwa, aliweka vidole juu ya kichwa changu. Un.

Asubuhi alinionyesha kitu alichokikuta nje ya mlango wakati wa kufagia maji: mabuti madogo ya mpira, ya njano, mapya kabisa, yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya gunia. Alipiga magoti anivalishe. Mguu wangu ulipotea ndani, ungeweza kuingia na wa Ashuza pia. Nilipiga kelele mpaka nikapaliwa. Kwangu mimi jambo lilikuwa wazi: Mpanzi ameacha nguo za kazi. Nikivaa, nimekubali. Maman Vumilia aliyaangalia mabuti, akaniangalia mimi, akayaweka juu ya kabati. Wiki mbili baadaye Ashuza ndiye aliyekuwa anarukaruka nayo kwenye madimbwi, nikamsamehe mafundisho yake yote, kwa sababu niliamini kwamba anakanyaga kuelekea kifo chake mwenyewe.

Mama alifika jua likiwa tayari juu, nguo zake zimemkaukia mwilini, bila kikapu, akinuka ziwa tu. Alinikumbatia. Kisha Maman Vumilia alimvuta pembeni, karibu na magunia ya mchanga ambako sisi hatukuruhusiwa kwenda, akamwambia kitu. Nilimwona mama akikaa chini kwenye ngazi zilizolowa. Aliuliza neno moja, kisha akaruka na kukimbia kupanda kilima, kandambili moja ikabaki ngazini, akielekea barabara ya malori. Nilijua analolifuata: vikapu vyake vya mananasi vimekwenda na mtu. Alirudi baada ya muda mrefu, akitembea. Alivaa kandambili yake. Hakunitazama njia nzima ya kwenda nyumbani.

Jioni ile alitoa nusu yake ya kitenge, ile yenye kichwa cha jogoo, akachukua wembe na kuikata tena vipande viwili. Nilikuwa nimekaa kitandani namtazama. Na hapa, ndugu zangu, kicheko changu huwa kinakata kidogo, hata nikiwa ninasimulia mbele ya watu wenye bia. Kwa hesabu yangu, kitambaa kikiwa kidogo, haki ya kunichukua nayo inakuwa ndogo. Niliona kwa macho yangu mama anapunguza nafasi yangu ya kuchukuliwa. Niligeukia ukuta. Nilianza kujifunza usiku ule jinsi ya kuishi bila kumsubiri mtu, na niliisoma elimu hiyo vizuri kuliko yote niliyosoma baadaye.

Nilikuwa na baba, kama mtu anavyokuwa na mji mkuu: unajua jina, hujawahi kufika. Alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Shabunda nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Msimu uleule wa mvua wa yale mabuti ya njano, watu walijaa uwanjani kwetu, wakakaa kwenye mikeka wakaimba, wakasema shimo limemwangukia. Nilikula mikate siku ile mpaka nikaumwa tumbo. Nilipokua na kuulizwa, nilijibu kwamba baba yangu hakuwahi kurudi hata mara moja kuniona. Nililisema bila uchungu, kama mtu anavyosema kwamba kwao hakuna umeme. Mama akiwa karibu, alinyanyuka kwenda kuangalia chungu.

Hadithi ya Mpanzi, hiyo niliifanya mtaji wa vicheko. Shule ya usiku, mwalimu alipotupa insha, niliiandika nikamwongezea Mpanzi meno ya dhahabu na boti ya injini nne. Darasa la watu wazima, mafundi na wauza samaki wa sambaza na mama wajawazito, walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza. Kwenye harusi naombwa niisimulie. Mke wangu anaijua kwa moyo, na anapofika pale pa mabuti ananisaidia kwa sauti.

Mama alifariki mwaka uliopita. Ndani ya sanduku lake, chini kabisa, chini ya nguo za ubatizo wangu, nilikuta vipande viwili vya kitenge vilivyobanwa pamoja kwa pini. Kimoja kilikuwa safi, rangi yake kama jana: kichwa cha jogoo. Kingine kilikuwa kifua na miguu, kigumu kama ngozi, chekundu kwa matope yasiyo ya hapa kwetu. Nilivinusa. Cha kwanza kilinuka sanduku. Cha pili hakikunuka kitu ninachokijua.

Kwa hiyo nilipompeleka binti yangu siku yake ya kwanza garderie, nilivitia mfukoni. Ni garderie ileile. Siku hizi inaendeshwa na mkamwana wa Maman Vumilia, mlango ni wa chuma, watoto ni thelathini na kitu, lakini kitambaa bado kinapasuliwa. Nilimwona binti yangu akitazama kitenge cha mama yake kinavyogawanyika, mdomo wazi. Maman Vumilia mwenyewe amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, amezeeka, macho yamefunikwa na utando, na midomo yake inatembea. Nilidhani ni rozari. Niliposogea nikasikia anahesabu: vingt-deux, vingt-trois.

Palikuwa na mama wengine wanne watano wanasubiri zamu, na mimi sijawahi kuona watu watano nikanyamaza. Niliwasimulia. Niliwapa kengele, gunia, kidole kwenye tundu, mabuti ya njano. Walicheka, mmoja akaketi chini kabisa akijipepea. Maman Vumilia hakucheka. Alingoja mpaka wote wameingia, akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja.

"Kuya ikala hapa, Murhula."

Nilikaa. Nikamwekea vipande viwili mapajani, nikamuuliza kwa nini mama alikata kitambaa. Hakuhitaji macho. Alipitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa kwa wembe, kisha kwenye ule wa kupasuka, ambao ulikuwa wa mkono wake.

"Miye nilifikiri mama yako alikuambia," alisema. "Alisema utajua ukikomaa. Nikajua alikuambia."

"Aliniambia nini?"

"Ule mutu hakukuwa mupanzi wa mananasi. Alikuwa papa yako, ule alikuzaa. Alitoka Shabunda, siku mbili njiani na boss yake, akakuta nyumba yenu imefungwa, bajirani bakamuonyesha hapa. Alikuwa na ile jioni moja tu. Aliniambia ni papa yako, na miye nilimuona sura yako kwa sura yake. Lakini hakukuwa na kitambaa, na wewe ulisema humujui." Midomo yake ikatembea kidogo. "Sikumufungulia. Hata leo akikuya bila kitambaa, sitamufungulia."

Ndani, watoto walikuwa wanaimba. Nilijaribu kuitambua sauti ya binti yangu nikashindwa.

Alichukua kipande chenye matope, akakiweka ndani ya mkono wangu na kuukunja. "Hii mama yako alimutumia kwa dereva, akirudi nimufungulie. Ilimufikia. Balipomutoa mu shimo, balimukuta nayo mufukoni."

 Nikauliza kitu cha kijinga. Nikasema, basi yale mabuti ya njano, ambayo nilipokua niliamini ni zawadi yako, maman, pole, uliyanunua kwa mguu wa nani, maana yalikuwa makubwa vile.

"Sikununua miye," alisema. "Alikuletea yeye. Hakujua kipimo ya muguu yako."